Kukagua Subaru Legacy GT kabla ya kulipa: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa Malindi

Kijana mmoja wa Maweni aliegesha Legacy nyeusi mbele ya gereji, akashuka uso umemkunjuka kwa furaha. Boneti ina tundu la hewa, nyuma pamebandikwa herufi za GT, alama ya Legacy yenye turbo, ekzosi inanguruma. Nikafungua boneti. Chini ya lile tundu hapakuwa na interkula, kile kipoza hewa ya turbo. Palikuwa na kifuniko cha plastiki na injini ya kawaida isiyo na turbo. Naye pesa alikuwa ameshalipa, na alilipa bei ya GT.

Huyo ni wa nne kuniletea hasara ya aina hiyo tangu mwaka jana. Nimewauliza wote walivyonunua, na jibu ni moja: walianza kwa kuliendesha. Ukishalikalia gari la namna hii na kuukamata usukani, moyo unakuwa umeshanunua, na macho hayaoni tena. Ndiyo maana mwongozo huu unaweka kuendesha karibu na mwisho. Fuata mpangilio ulivyo, usiruke hatua.

## Gari tunalozungumzia

Ni wagoni ya familia iliyotoka kiwandani ikiwa na mbio zake: viti vitano, buti refu la kubeba mizigo, na injini ambayo kiwanda chenyewe kilikusudia iwe kali. Duniani wanaokusanya magari huwania Audi RS2 Avant, iliyoundwa kwa msaada wa Porsche, yakatoka magari 2,891 tu, au BMW M5 Touring ya umbo la E34, iliyoundwa 891. Hayo huku kwetu ni ya kuona kwenye picha.

Letu ni Subaru Legacy Touring Wagon. Kwanza GT-B ya umbo la BH (1998 hadi 2003), yenye turbo mbili. Ile B ni ya Bilstein, waliotengeneza shoki zake. Pili GT ya umbo la BP (2003 hadi 2009), yenye turbo moja. Zote mbili kiwanda kiliziandikia nguvu farasi 280 kwa gia ya mkono na 260 kwa otomatiki. Hatua nyingi hapa zinafaa pia kwa Toyota Caldina GT-T na Mitsubishi Legnum VR-4.

Huku kwetu ni adimu kwa sababu Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. GT-B ya mwisho ilifungiwa mlango mwaka 2011, na BP ya mwisho mwaka 2017. Yaliyomo nchini ndiyo hayo hayo, na kila mwaka mengine yanagongwa au yanapasuliwa kuwa spea. Kwa hiyo lile lililobaki kama lilivyotoka Japani linapanda thamani, na lile lililovishwa nguo za GT halina chochote kwa mkusanyaji.

## Vifaa vya kubeba

- Tochi kali na kioo kidogo cha mkono
- Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini
- Bisibisi kubwa yenye mpini mgumu
- Kitambaa cheupe cha pamba
- Kipimo cha mgandamizo wa silinda, pamoja na spana ya plagi na kiungo kirefu (plagi za Subaru zimelala ubavuni)
- Skana inayosoma Subaru. Zile za bei rahisi za kuunganisha na simu mara nyingi haziisomi BH.
- Jeki na stendi mbili, au gereji yenye shimo
- Fundi wako mwenyewe, asiwe wa muuzaji wala rafiki wa broka

Tenga nusu siku. Anayetaka umalize kwa dakika 20 kwa sababu kuna mteja mwingine anakuja, mwachie huyo mteja.

## Hatua ya 1: Namba ya chesisi, kabla hujalipa hata nauli

Mwombe muuzaji picha mbili: namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, na kile kibati cha modeli ndani ya boneti. Asipokubali kutuma, safari imekwisha.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wote wanne walipojikwaa. Chesisi inayoanza na BH5 au BP5 haimaanishi turbo. Maana yake ni umbo hilo la wagoni na injini ya lita 2.0 tu. BP5 ya 2.0i isiyo na turbo ni BP5 vilevile. BP9 ni ya lita 2.5 na BPE ni ya lita 3.0.

Logbuku nayo haitakusaidia. Injini ya lita 2.0 yenye turbo na isiyo na turbo zote ni sisi 1994. Yule kijana wa Maweni alinionyesha logbuku yake kama ushahidi, na kila kilichoandikwa mle kilikuwa kweli.

Cha kufanya: chukua namba kamili ya chesisi, uiingize kwenye katalogi za spea za mtandaoni zinazotafuta kwa chesisi za Japani. Zitakuonyesha daraja la gari, aina ya injini, aina ya gia, rangi ya kiwandani na mwezi lilipoundwa.

Umefaulu ukiona: daraja limeandikwa GT au GT-B, gia ni ile ile iliyomo, na rangi ya katalogi ndiyo rangi ya gari. Rangi ikiwa tofauti, gari limepulizwa upya. Sababu yake utaitafuta katika hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Karatasi

Omba rekodi ya gari kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Ada ni ndogo. Tazama mwenye gari ni nani na kama benki au mkopeshaji ameandikwa humo kama mwenye mali. Jina likiwa si la anayekuuzia, basi mwenye jina aje mwenyewe. "Ni la shemeji yangu yuko Doha" si karatasi.

Linganisha namba ya injini iliyo kwenye rekodi na ile iliyogongwa kwenye bloku. Zikipishana, injini imebadilishwa. Gari la kwendea kazini linaweza kuvumiliwa hivyo ikiwa mabadiliko yameandikishwa, lakini kwa anayenunua gari la kuweka, nusu ya thamani imeshaondoka hapo.

Kisha uliza karatasi za Japani: cheti cha kuondolewa kwenye usajili wa kule na, kwa bahati, karatasi ya mnada. Alama 4 au 4.5 ni nzuri, herufi R inamaanisha liliwahi kugongwa likatengenezwa. Karatasi hizi wengi huzitupa. Mwenye nazo ana haki ya kuomba bei zaidi, na mimi huwaambia wanunuzi wasimbishie. Mali bila daftari hupotea bila habari.

## Hatua ya 3: Fika asubuhi, injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa na joto, uliza kwa nini, na ikibidi rudi kesho.

Kuna sababu. Injini ya Subaru iliyoanza kuchoka hujieleza yenyewe katika dakika tatu za kwanza. Ikishapata joto, mengi hunyamaza.

Fungua boneti kabla ya kuwasha. Kwa GT halisi utaona interkula ya alumini imelala juu ya injini, chini ya lile tundu. Vuta kijiti cha oili, ukifute kwa kitambaa cheupe. Oili nyeusi si tatizo. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ni tatizo kubwa, kwani maji yameingia humo. Oili iliyo chini ya alama ya chini ni onyo la pili. Aliyeiacha injini ya turbo ikauke hivyo hakuipenda.

Fungua kifuniko cha rejeta na uchovye kidole. Panatakiwa kuwe na kuleni yenye rangi yake, kijani au buluu. Hapa Malindi nimekuta mara nyingi maji ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi hiyo inakula alumini ya injini kutoka ndani, pole pole, bila kelele. Ukiona maji ya rangi ya kutu na ukoko mweupe mdomoni mwa rejeta, andika.

Sasa mwambie awashe, wewe usimame mbele. Mlio mwepesi wa kugongagonga unaopungua kadiri injini inavyopata joto mara nyingi ni pistoni zenye nafasi, na Subaru nyingi huishi nao miaka. Mlio mzito wa ko-ko-ko kutoka chini, unaozidi injini ikipata joto na ukikanyaga mafuta kidogo, ni beringi za koni, yaani za fimbo zinazoshika pistoni. Hapo funga boneti, shukuru, ondoka.

Umefaulu ukiona: limewaka kwa mara moja, mzunguko wa juu wa baridi umeshuka taratibu, hakuna moshi wa buluu, na kelele zinapungua badala ya kuongezeka.

## Hatua ya 4: Chumvi

Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na katika miongozo ya Nairobi hutaikuta. Gari lililolala miaka mitano Casuarina, mita mia mbili kutoka baharini, lina injini nzuri na rangi inayong'aa, lakini mifupa yake imeoza. Lililokuwa likienda Gongoni kwenye mashamba ya chumvi ni baya zaidi, kwa sababu vumbi la ile njia lenyewe lina chumvi, linaingia kwenye mikunjo ya chuma, na unyevu wa usiku unaliamsha.

Ugonjwa wa Legacy za zamani unajulikana: huoza kwenye tao la tairi za nyuma na mahali ambapo shoki za nyuma zinashikwa na bodi, yaani minara ya shoki. Anza hapo.

Ondoa zulia la buti lote. Ng'oa vifuniko vya pembeni taratibu, vinashikwa na vibanio vya plastiki. Mulika tochi kwenye mnara wa shoki, kulia kisha kushoto. Mwaka huu nilifanya hivyo kwenye BH nyeupe iliyokuwa safi ajabu kwa nje. Ukingoni mwa mnara palikuwa na mstari wa rangi iliyovimba, upana wa kidole cha mwisho, kama malengelenge ya mtu aliyeungua. Nikaubonyeza kwa ncha ya bisibisi, ikazama. Nikaona tairi kupitia lile tundu. Mwenye gari hakujua, na nilimwamini, maana uso ulimbadilika.

Baada ya hapo endelea hivi:

Inua zulia la shimo la tairi ya akiba. Maji yaliyotuama humo yameingia kwa taa za nyuma au kwa raba ya mlango wa buti.

Pitisha sumaku kwenye tao la tairi, kwenye vizingiti chini ya milango na kwenye kona za mlango wa nyuma. Isiposhika, hapo pana puti, ule udongo wa kujazia bodi. Puti mahali pamoja padogo inazungumzika. Puti kwenye matao yote mawili maana yake fundi wa bodi alifunika kidonda bila kukitibu. Boneti usiihesabu, kwani baadhi ya Legacy hizi zina boneti ya alumini kutoka kiwandani na sumaku haitashika.

Liingize gari shimoni. Gonga vizingiti na mihimili ya chini kwa mpini wa bisibisi, ukisikiliza. Chuma kizima hulia ti, ti, kikavu. Chuma kilichooza hutoa sauti ya mkate. Fuata mabomba ya breki kutoka mbele hadi nyuma kwa mkono uliovaa glavu. Bomba lenye magamba libadilishwe kabla gari halijatembea, hilo halina mjadala. Pia angalia kama chini pamepakwa lami nyeusi mbichi. Lami ya jana imepakwa kuficha kitu.

Umefaulu ukiona: kutu ya juu juu inayofutika kwenye bolti na ekzosi, lakini minara ya shoki, vizingiti na mihimili ina rangi ya kiwandani na inalia kikavu. Kutu ya minara ni sababu ya kuliacha gari hata kama ni GT-B ya gia ya mkono. Hapa sibadilishi msimamo. Injini inatibika, lakini mnara uliooza unahitaji bodi nzima ya wagoni nyingine, na bodi hizo hazipo.

## Hatua ya 5: Kupima injini na turbo

Pima mgandamizo wa silinda zote nne, injini ikiwa na joto na mafuta ya petroli yamekatwa. Usijali sana namba yenyewe, vipimo hutofautiana. Jali uwiano. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, pistoni au valvu ina shida.

Pistoni za turbo hufa kwa sababu inayotuhusu moja kwa moja. Injini hizi zilipangiwa petroli ya Japani ya daraja la juu, inayofikia oktani 100 hivi. Super yetu iko chini ya hapo. Mafuta huwaka kabla ya wakati, yanapiga pistoni, na kipande kati ya ringi huvunjika. Ndiyo maana gari lililoongezewa presha ya turbo na vijana wa mjini ni la kuogopwa, hata likiruka vipi.

Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kawaida yake ni kila kilomita 100,000. Ukikatika, valvu hukutana na pistoni. Bila risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kwa BP, kuna bolti yenye kichujio kidogo sana kwenye bomba linalopeleka oili kwa turbo. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, kile kichujio huziba na turbo inakauka. Fundi wako akifungue akione.

Kwa BH, angalia raba nyembamba za vakyumu. Ni nyingi, zinaingia kwenye boksi jeusi ndani ya boneti, na ndizo zinazoamuru turbo ya pili iamke. Joto la Pwani huzikausha zikawa ngumu kama makaroni mabichi. Ukiikunja moja ikapasuka, zote zibadilishwe. Raba zenyewe hazina bei kubwa, kwa hiyo usilikimbie gari kwa ajili yake.

## Hatua ya 6: Sasa liendeshe

Tafuta uwanja mtupu. Kata usukani hadi mwisho na uzungushe taratibu, kulia kisha kushoto. Gari likisita kana kwamba mtu amekanyaga breki, mfumo wa kugawa nguvu kwa tairi nne umeanza kufa. Tazama na tairi zenyewe: zote nne ziwe za saizi moja na zimelika sawa. Mchanganyiko wa tairi ndio unaoua difu ya kati.

Kisha toka mjini kuelekea Mambrui, vuka daraja la Sabaki, na urudi. Njia hiyo ina matuta ya kusikiliza shoki na ina kipande kirefu cha kuijaribu turbo bila kuvunja sheria.

BH ina tabia yake. Turbo ya kwanza hukusukuma mapema, kisha katikati, karibu na mizunguko 4,000 na kitu, nguvu inalegea kwa muda mfupi, halafu ya pili inaingia na mgongo unagandamizwa kwenye kiti. Huo ulegevu ni wa kiwandani, usiogope. Kosa ni pale msukumo wa pili usipokuja kabisa. BP haina kituo hicho, inapanda moja kwa moja.

Umefaulu ukiona: mshale wa joto umekaa mahali pamoja safari nzima, hakuna moshi nyuma unapoachia na kukanyaga tena, na ukisimama na kufungua boneti chupa ya kuleni haitoi mapovu.

## Hatua ya 7: Bei

Kabla ya kutaja bei, hesabu vitu vya asili: usukani wa MOMO kwa BH, viti, rimu, redio, na jina la Bilstein kwenye shoki zenyewe za GT-B. Kilichotolewa kipo wapi? Muuzaji aliyehifadhi rimu na ekzosi ya asili stoo, mwambie avijumuishe hata kwa kuongeza pesa kidogo. Kuvitafuta baadaye utahangaika miaka.

Orodhesha kasoro kwa gharama ya kutengeneza, umwonyeshe muuzaji karatasi, muanze kupatana hapo. Bila kelele. Lipa kwa benki, na siku hiyo hiyo muuzaji aanze uhamisho kwenye akaunti yake ya eCitizen wewe ukiwepo, nawe ukubali kwenye yako. Usiondoke na ahadi ya "nitafanya jioni".

Kama umezunguka miezi na hupati GT safi, tazama Levorg ya lita 2.0, chesisi VMG. Ndiyo mrithi wa wagoni hizi, nguvu farasi 300, na zile za mwisho za umbo la kwanza, za mwaka 2020, zinaruhusiwa kuingia hadi mwisho wa 2027. Hakikisha ni VMG. VM4 ni ya lita 1.6.

## Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Badilisha oili na filta siku ya kwanza, na baada ya hapo kila kilomita 5,000. Toa maji yote ya rejeta, weka kuleni.

Osha chini ya gari kila wiki mbili kwa maji ya bomba, yale ya Baricho. Vijana wengi wa kuosha magari mjini hutumia kisima. Waulize kwanza, na kama ni kisima beba mitungi yako. Msimu wa kusi, upepo unapoleta ukungu wa bahari hadi ndani, fanya kila wiki.

Usilifunike kwa turubai la plastiki. Joto likipanda, unyevu hunaswa ndani na chuma kinatokota usiku kucha. Banda la makuti lililo wazi pande mbili linalitunza vizuri zaidi, na ukilijenga lipe kisogo upande wa bahari.